Bonasi Ilivyokwenda Machoni

Nyamira, ukungu huamka kabla ya watu. Hulala juu ya chai, ukajinyoosha, na hauondoki mpaka jua lije kuubembeleza.

Bonareri alikuwa akiingia shambani ukungu ungali pale pale. Kikapu mgongoni, aproni ya nailoni kiunoni, vidole vikikimbia juu ya michai. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Katika boma la Mzee Ogeto hakukuwa na mchumaji wa kumfikia. Hata mumewe Duncan, pamoja na mikono yake mirefu, aliachwa nyuma akinung'unika.

"Wewe mwanamke, una vidole vingapi?" Duncan alimtania.

"Kumi tu. Wewe vyako umeviacha kitandani."

Vidole vyake vilikuwa hodari kwa sababu macho yake yalikuwa goigoi. Alichokishika mkononi alikiona vizuri. Uzi aliutunga kwenye sindano mara moja. Lakini kitu kikisogea mbali kidogo, kilianza kuyeyuka. Ng'ombe akawa doa. Mtu akawa kivuli chenye rangi ya nguo zake. Bonareri aliwajua watu kwa nguo, kwa mwendo na kwa kikohozi.

Miwani alikuwa nayo tangu sekondari, minene kama kitako cha chupa ya soda. Lakini miwani na shamba la chai havipikiki chungu kimoja. Ukungu uliifunika. Mvua iliilowesha. Jasho liliiteremsha mpaka ncha ya pua. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umevunjika, akaufunga kwa uzi mweusi. Kwa hiyo akienda kuchuma chai aliiacha nyumbani, juu ya kabati, ikimwangalia.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Asubuhi moja ya mvua ya rasharasha, Bonareri alibeba birika la chai ya maziwa kumpelekea mumewe shambani. Kwenye kijia katikati ya michai alimwona mtu mwenye koti la mvua la njano. Katika boma lile koti la njano lilikuwa moja tu, la Duncan. Mtu yule alisimama. Akanyoosha mikono yote miwili kama anayetaka kupokea birika. Basi Bonareri akatabasamu, akaliweka birika chini, akamkumbatia kwa nguvu.

"Mpenzi wangu, umelowa hivi!"

Kutoka ndani ya koti kikatoka kikohozi. Kikohozi kile Bonareri alikijua. Hakikuwa cha Duncan. Kilikuwa cha Mzee Ogeto, baba mkwe wake, ambaye alikuwa amechukua koti la mwanawe msumarini ili asilowe.

Msomaji, kama hutoki Gusii, acha nikueleze kwa nini Bonareri alitamani ardhi ipasuke immeze. Huko baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono. Mzee haingii nyumbani kwa mkaza mwana wake. Wakikutana njiani, kila mmoja humpisha mwenzake, wakasalimiana kwa adabu, wakaendelea na safari. Heshima hiyo ni ya tangu jadi, na hata walokole na wasomi huishika. Sasa mtu ambaye hupaswi hata kumpa mkono, umemkumbatia na kumwita mpenzi!

Bonareri alikimbia. Aliliacha birika pale pale. Mama mkwe wake, Persis, alimkuta jikoni akilia.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama, nimemkumbatia baba."

"Baba yupi?"

"Baba wa hapa."

Persis akakaa juu ya kigoda. Akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Bonareri hakujua kama mama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

Kuanzia siku ile, Mzee Ogeto aliacha kijia cha shambani. Akitaka kwenda kituo cha kununulia chai, alizunguka kwa chini, kando ya mto, kwenye mteremko wenye matope. Alikuwa na goti bovu, lakini alizunguka. Wiki ya pili aliteleza, akarudi akichechemea.

Bonareri aliona uchungu moyoni. Mzee yule hakuwahi kumsema vibaya. Ndiye aliyempa jina mtoto wake Gesare. Sasa anaumia goti kwa sababu yake! Naye Bonareri akaanza kuogopa kila kivuli. Akiona umbo lolote mbele, aliingia kwenye michai na kuinamisha kichwa. Aliwapisha wachungaji. Aliwapisha watoto wa shule. Siku moja alipisha kisiki kilichoanikiwa gunia, akakisalimia kabisa.

Alitaka jambo moja tu: amwone mtu akiwa mbali, na amjue ni nani, kabla mambo hayajaharibika. Alitaka mzee arudi kwenye kijia chake.

Sabato moja baada ya ibada, jirani yao Tryphosa alikuja kula nao. Tryphosa alikuwa muuguzi wa macho katika hospitali moja mjini Kisii, na kila Ijumaa jioni alirudi nyumbani, ng'ambo ya pili ya kilima. Walikula chakula kilichopikwa jana yake, kama ilivyo desturi ya Wasabato. Mzee Ogeto alikaa barazani, mgongo ukielekea mlango, ili asitazamane na mkaza mwana.

"Nimesikia habari za kisiki," Tryphosa alisema.

"Nani amekuambia?" Bonareri aliuliza.

"Nyamira nzima inajua."

Walicheka. Kisha Tryphosa akauliza kwa upole, "Kwa nini huvai miwani?"

Bonareri akaeleza habari za ukungu, mvua na jasho. "Na zile lenzi ndogo za kuvaa ndani ya jicho ninazo. Nilizinunua wakati wa harusi. Nikizivaa shambani, mikono ina utomvu wa chai, macho yanakuwa mekundu siku tatu. Sasa nazivaa kanisani tu."

"Umefanya vizuri kuacha kuzivaa shambani. Lenzi na mikono michafu ni hatari, unaweza kupata kidonda cha jicho." Tryphosa akafikiri. "Kuna njia nyingine. Kuna leza."

Bonareri aliacha kutafuna. Neno hilo alikuwa amelisikia redioni, lakini alidhani ni la matajiri wa mbali.

"Mbele ya jicho kuna kitu kama kioo laini," Tryphosa alisema. "Kinaitwa konea. Kazi yake ni kukunja mwanga ili utue nyuma ya jicho, mahali picha inapopatikana. Jicho lako ni refu kidogo, kwa hiyo mwanga unatua kabla ya kufika. Ndiyo maana vitu vya mbali vinayeyuka. Miwani huusaidia mwanga ufike. Leza nayo huichonga konea kidogo sana, chini ya unene wa unywele, umbo lake likabadilika. Mwanga ukafika wenyewe."

Mzee Ogeto aligeuka nusu pale barazani. "Tryphosa! Hiyo leza si ule moto wa wale vijana wanaochomea mageti kule Kisii? Jicho si geti."

"Si ule, baba. Ule ukiutazama bila kinga unaumiza macho kweli. Huu ni mwanga wa aina nyingine. Kompyuta huupima, na jicho likisogea sana, mashine husimama."

"Na kwa nini asitumie dawa ya majani? Mama yangu alitutilia majani machoni."

"Baba, nakuomba. Majani, maziwa ya mama, asali, hakuna hata kimoja cha kutia jichoni. Wengi tunawapokea wakiwa wamechelewa kwa sababu hiyo."

Mzee akageuka tena kuelekea nje. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akashika hewa kwanza, kisha akakipata. "Stima ya siku hizi haina nguvu," alinung'unika, ingawa ulikuwa mchana.

Persis alikuwa na swali lake. "Na hao madaktari, mtu akienda tu wanamfanyia?"

"La, mama. Kwanza ni vipimo. Wengi hurudishwa nyumbani na miwani yao. Mwenye konea nyembamba au iliyochongoka hafanyiwi. Macho ambayo bado yanabadilika kila mwaka hayafanyiwi, ndiyo maana watoto wa shule huambiwa wangoje wakue. Mjamzito hangoji swali, anarudishwa. Anayenyonyesha vilevile. Gesare umemwachisha?"

"Tangu mwaka jana," Bonareri alijibu.

"Vizuri. Na ujue, miwani si aibu wala ugonjwa. Leza si lazima. Ni uamuzi, na una hatari zake. Macho huweza kuwa makavu kwa miezi. Taa za usiku huweza kuonekana na duara pembeni. Wachache hurudi kwenye miwani midogo. Maambukizi ni nadra, lakini yapo."

Kisha sauti ya mzee ikatoka barazani. Hakumwambia Bonareri moja kwa moja. Aliuambia ukuta.

"Persis, fundi anayekataa kazi, huyo ndiye fundi. Huyo daktari mwambie moka Duncan aende akamwone."

Moka Duncan ni mke wa Duncan. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya koti mzee kumtaja kwa kinywa chake. Bonareri alihisi moyo ukiruka.

Bonasi ya chai, malipo ya ziada ambayo wakulima hupata mara moja kwa mwaka, ilitoka mwezi wa kumi. Kila mwaka bonasi ilipotoka, boma zima lilikaa chini kugawana. Mwaka huo walikuwa wamepanga kununua tangi la maji. Mzee alikohoa, wote wakamgeukia.

"Bonasi ya mwaka huu iende machoni," alisema.

"Na tangi?" Persis aliuliza.

"Tangi litangoja. Mvua ya Nyamira imewahi kutukosa?"

Duncan alipiga makofi kama yuko kanisani siku ya ubatizo. Bonareri akatoka mbio. Alikwenda nyuma ya nyumba akaruka-ruka peke yake, mpaka kuku wakatawanyika.

Tryphosa alimpangia siku ya vipimo Kisii, wakati daktari bingwa wa leza kutoka Nairobi angefika. Akamwambia jambo moja kwa mkazo: "Lenzi zile za jichoni usizivae kabisa wiki mbili kabla ya siku hiyo. Hata mara moja. Vaa miwani."

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Lakini siku ilipofika, Bonareri alijitazama kwenye kioo. Gauni zuri, kitambaa kizuri, halafu miwani yenye mkono wa uzi mweusi! Aende mjini hivyo? Daktari amwone hivyo? Alifungua kabati. Akavaa lenzi. Kwa leo tu, alijiambia. Zimekaa siku kadhaa bila kuvaliwa, zitadhuru nini? Isitoshe, Sabato iliyopita na ile ya kabla yake alikuwa amezivaa kanisani. Aliona kwamba marufuku ni ya shambani, si ya nyumba ya Mungu.

Mjini Kisii aliona kila kitu, kuanzia ndizi zilizorundikwa hadi rangi za bodaboda. Alifika hospitali akiwa na furaha tele.

Daktari Osoro alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache. Alimtazama kwenye taa, akarudi nyuma.

"Una lenzi machoni."

"Za leo tu, daktari."

"Mara ya mwisho kabla ya leo?"

Bonareri akainama. "Sabato."

"Na kabla ya hapo?"

"Sabato."

Tryphosa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifunga macho kama mtu aliyechomwa na mwiba.

Daktari hakugomba. Alichukua chapati iliyokuwa kwenye sahani yake ya chai, akaweka kijiko juu yake, akabonyeza. Akakiondoa kijiko. Kovu la kijiko likabaki.

"Konea ni laini. Lenzi ikiikalia, inaibonyeza. Ukiiondoa, konea hurudi, lakini polepole. Nikipima leo, nitapima kovu la kijiko. Halafu leza ichonge jicho kwa kipimo cha uongo. Utakuja kunilaumu mimi, na utakuwa na haki. Nenda. Rudi nitakapokuja mwezi ujao."

Bonareri alirudi Nyamira amenywea. Alimweleza Persis ukweli wote, na Persis akamweleza mzee. Mzee aliuambia ukuta maneno machache tu.

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwambie zile lenzi azipe likizo."

Safari hii alitii. Sabato nne alikwenda kanisani na miwani yake ya uzi mweusi, kichwa juu. Wengine walitazama. Waache watazame, alijisemea, wao wana macho.

Alipopimwa mara ya pili, walipima kila kitu. Unene wa konea. Umbo lake. Machozi yake. Ukubwa wa mboni gizani. Walimtilia matone yaliyoufanya mwanga uwe mkali, wakatazama mpaka nyuma ya jicho. Duncan alingoja nje akitembea huku na huku utadhani mkewe anajifungua.

Daktari Osoro alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Konea yako ni nene ya kutosha na imetulia. Namba ya miwani yako haijabadilika kwa miaka miwili. Unaweza kufanyiwa. Lakini sikia: ukivuka miaka arobaini utahitaji miwani ya kusomea kama wenzako. Leza haizuii uzee."

"Uzee uje, daktari. Nitauona ukija!"

Hata daktari alicheka.

Mashine yenyewe ilikuwa Nairobi, kwa hiyo Bonareri na Duncan walisafiri, wakafikia kwa dada yake Duncan. Asubuhi iliyofuata Bonareri alioga vizuri, hakupaka mafuta usoni wala wanja. Alivalishwa kofia na gauni la hospitali.

"Nitalala usingizi?" aliuliza.

"Hapana," daktari alisema. "Utakuwa macho. Matone yataua maumivu. Kazi yako ni moja: tazama taa ya kijani."

Walimlaza chali. Matone yakaingia, macho yakafa ganzi. Kifaa kidogo kikashikilia kope zisifunge, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko yote. Kisha akahisi jicho linabanwa, kama mtu anayelikandamiza kwa kidole gumba. Kwa muda mfupi kila kitu kikawa giza.

"Ni kawaida," sauti ya daktari ilisema. "Nafungua kifuniko chembamba juu ya konea. Mwanga unarudi sasa hivi."

Ukarudi. Taa ya kijani ilikuwa imevurugika kama taa ndani ya maji. Mashine ikaanza kutoa sauti, ta-ta-ta-ta, na harufu kama ya nywele zilizoungua ikapita puani. Hakuna aliyeungua. Hiyo ndiyo harufu ya kazi yenyewe, walikuwa wamemwonya. Bonareri aliomba kimoyomoyo kwa Ekegusii, macho kwenye kijani. Kabla hajamaliza sala, sauti ikakoma. Daktari akakirudisha kifuniko mahali pake, akakilainisha kwa maji.

"Jicho lingine."

"Tayari? Hilo limekwisha?"

"Limekwisha."

Alipoketi, alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa na ukungu kidogo kama ule wa Nyamira asubuhi. Lakini aliona mishale. Aliona mishale ya saa ng'ambo ya chumba, bila miwani, na akaanza kulia.

"Usilie! Usipanguse!" muuguzi alisema haraka. "Acha yatiririke yenyewe. Usisugue macho, hata yakikuwasha vipi. Kifuniko kinashikana polepole."

Jioni ile macho yaliwasha kama yametiwa mchanga na pilipili. Alivaa miwani ya jua, akatia matone kwa saa alizoambiwa, akalala na ngao za plastiki zilizobandikwa juu ya macho ili asijisugue usingizini. Duncan alimwimbia nyimbo za Sabato kwa sauti mbovu. Mwisho akasinzia.

Asubuhi Duncan alibandua ngao taratibu.

Bonareri alifungua macho. Dirishani kulikuwa na mti. Si wingu la kijani. Mti! Ulikuwa na majani, jani moja moja, na kila jani na ukingo wake. Juu ya tawi ndege mdogo alikuwa anajikuna chini ya bawa.

"Duncan! Ndege anajikuna!"

"Wapi?"

"Pale! Wewe huoni?"

Duncan alicheka mpaka akakaa chini. Kisha mkewe akamgeukia, akamtazama kutoka mlangoni kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

"Kumbe kovu lako la nyusi linaonekana mpaka huku," alisema. "Miaka yote hii hujaniambia."

Daktari alimkagua, akamruhusu kurudi nyumbani, na ukaguzi uliofuata ungekuwa Kisii. Alimpa matone na masharti. Maji yasiingie machoni wiki ya kwanza. Asiingie kwenye moshi wala vumbi. Mtoto asimrukie usoni. Akiona maumivu makali, wekundu unaoongezeka au uono unaopungua, asingoje kesho, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na akirudi shambani, matawi ya chai yasije yakamchoma, avae miwani ya kinga.

"Miwani tena?" Bonareri alishangaa.

"Hiyo ni ya kukinga tu. Kuona utaona mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi hakulala hata dakika. Alisoma kila kibao kwa sauti, mpaka abiria mmoja akaomba radhi na kuhamia nyuma. Walipofika Keroka na kukata kuelekea Nyamira, vilima vya chai vikajitokeza. Alizoea kuviona kama blanketi moja. Sasa aliona mistari, na ndani ya mistari michai, na katikati ya michai watu wenye vikapu, kila mtu na kichwa chake.

Nyumbani mambo yaligeuka juu chini. Jiko la kuni lina moshi, kwa hiyo Bonareri alikatazwa kuingia jikoni. Mama mkwe alimpikia mkaza mwana! Duncan alisonga ugali, nao ukawa na madonge makubwa kama viazi. Gesare alilala kwa nyanya yake asije akamtia mamaye kidole jichoni. Tryphosa alipita kila Ijumaa kuangalia kama matone yanatiwa.

"Unaona duara kwenye taa usiku?"

"Kidogo."

"Litapungua. Macho makavu?"

"Natia yale matone ya machozi."

"Vizuri. Na kusugua?"

"Nimeikalia mikono!"

Jambo moja tu halikuwa limebadilika. Mzee bado alizunguka kwa mto.

Ilipofika siku ya kurudi shambani, Bonareri aliingia mapema na miwani yake ya kinga. Ukungu ulikuwa mwepesi. Rasharasha ilianza. Mara, mbali kabisa, mwanzoni mwa kijia, akaona koti la njano.

Kumbe mto ulikuwa umefurika, mzee hakuwa na njia nyingine.

Moyo ulimpiga. Lakini safari hii alijua. Hata kabla ya kikohozi, alijua. Aliona goti linalochechemea. Aliona kitufe kinachokosekana kwenye koti. Aliona ndevu nyeupe chini ya kofia ya koti. Si Duncan! Ni baba! Alijaa furaha kiasi cha kutaka kupiga kelele. Kwa adabu zote, akaingia kwenye mstari wa chai, akasimama mbali na njia, akangoja.

Mzee alikuja. Alipofika karibu, badala ya kupita, akaacha kijia na kumfuata kwenye chai.

Bonareri akarudi nyuma. Mzee akaja. Akarudi tena. Mzee naye akaja, mikono ameinyoosha mbele, yote miwili.

"Persis," mzee alisema, "mbona unanikimbia? Nishike mkono, hapa panateleza."

"Tata!" Bonareri alipaza sauti. "Baba, simama! Ni mimi! Ni moka Duncan!"

Mzee Ogeto akaganda. Bonareri alimtazama usoni kutoka pale alipokuwa, kwa macho yake mapya, na akaona jambo ambalo hakuna mtu wa boma lile aliyewahi kuliona. Katikati ya mboni za mzee, mahali panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe kama wa maziwa yaliyochanganywa na maji.

"Baba," alisema polepole, "hunioni?"

Mvua ilinyesha kidogo. Mzee aliteremsha mikono.

"Hata siku ile," mzee alisema mwishowe, akiiambia michai, "nilidhani ni Persis analeta chai."

Bonareri alijaribu kujizuia. Hakuweza. Kicheko kilimtoka kama maji ya mfereji, na mzee naye akacheka, akikohoa, akashika goti lake. Mwaka mzima alikuwa amekwepa kijia, si kwa sababu amemkasirikia mkaza mwana. Alijiogopa mwenyewe. Alijua kwamba akikutana naye tena, hatamwona.

"Mama!" Bonareri aliita kuelekea nyumbani. "Njoo umshike baba mkono! Na Tryphosa aje!"

Tryphosa alikuja jioni ile. Akammulika mzee macho kwa tochi ndogo.

"Huu ni mtoto wa jicho, baba. Ndani ya jicho kuna lenzi ya kuzaliwa nayo, nayo huchakaa na kuwa nyeupe. Leza ya Bonareri haikufai wewe. Kila tatizo la jicho lina tiba yake. Yako ni kuondoa ile lenzi iliyochakaa na kuweka nyingine safi. Tunafanya hapa hapa Kisii."

"Wakiwa wamenitia ganzi?"

"Kwa ganzi ya jicho tu."

Mzee alifikiri. Halafu, kwa mara ya kwanza bila kupitia ukuta wala Persis, aliuliza kwa sauti kutoka upande wake wa baraza: "Moka Duncan, ile taa ya kijani ilikuwa inatisha?"

"Haitishi, baba. Ukishikwa na woga, omba kwa Ekegusii."

Mzee alifanyiwa jicho la kwanza kabla ya Krismasi, na la pili baada ya mwaka mpya. Aligundua kwamba stima ya siku hizi ina nguvu sana.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, ukungu ulikuwa unaanza kuamka. Bonareri alikuwa akishuka kijia na birika. Mzee Ogeto alikuwa akipanda, kofia mkononi. Walikuwa bado mbali sana walipoonana. Bonareri akaingia kwenye chai upande wa kulia. Wakati huo huo mzee akaingia upande wa kushoto.

"Bwakire buya, tata!" Bonareri alimwamkia.

"Bwakire buya mono!" mzee aliitikia.

Kijia kikabaki kitupu katikati yao, na kutoka pale alipokuwa amesimama, kila mmoja alimwona mwenzake akicheka.